Gurudumu jepesi, imara na la bei ndogo: historia ndefu iliyopanda mpaka Kadutu

Komini ya Kadutu imejengwa kwenye mteremko. Toka soko kuu mpaka Cimpunda, Nyamugo au Nkafu, njia nyingi ni nyembamba, za udongo na mawe, na mvua ikinyesha zinageuka mifereji. Mwenye baiskeli, au kinga kama wanavyoiita wengi, hufanya mambo matatu kwa siku moja: anaipanda, anaisukuma, na penye ngazi anaibeba begani. Ndiyo maana swali la gurudumu gani la kununua si la wanamichezo peke yao. Likiwa zito, linamchosha begani. Likiwa dhaifu, linakunjika chini ya gunia la makala. Na likiwa jepesi na imara kwa pamoja, mara nyingi bei yake inashinda mfuko.

Watu wamehangaika na jambo hilo kwa zaidi ya miaka 150, na majibu yao yanaonekana kila siku mbele ya mafundi wa Kadutu, kwenye rundo la janti zilizochakaa na reyo zilizofungwa kwa kamba. Sehemu moja ya gharama ya majibu hayo ililipwa na Wakongomani, tena kwa damu. Historia ianzie hapo.

Mwaka 1888, huko Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alifunga mpira uliojaa hewa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kuandikisha wazo kama hilo mwaka 1845, lakini wakati wake baiskeli hazijaenea, na wazo likalala. La Dunlop halikulala. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, akina Michelin, walitoa pine inayoweza kuvuliwa kwenye janti na kurudishwa, na mwaka huohuo Charles Terront alishinda mbio za Paris–Brest–Paris akiwa juu yake. Ulaya na Marekani zikashikwa na homa ya baiskeli. Kila baiskeli ilidai pine mbili, na pine zilidai mpira.

Mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa bado machanga. Mpira wa mwituni ulitoka Amazon, na ulitoka pia katika misitu ya nchi ambayo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliishika kama mali yake binafsi toka mwaka 1885, na ambayo wakubwa wa Ulaya waliikubali kwa jina la Dola Huru la Kongo. Wanaume walitumwa msituni kukata mitambaazi na kukusanya utomvu wake. Kijiji kisichofikisha kiasi kilichodaiwa kilichomwa moto, wanawake walifungwa kama rehani, na askari walikata mikono kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure. Mwaka 1901 mpira uliosafirishwa ulikaribia tani 6,000. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alizunguka huko mwaka 1903 na ripoti yake ikatoka mwaka 1904. Kelele zilizofuata zilimlazimisha Leopold kuiachia Ubelgiji nchi hiyo mwezi wa Novemba 1908.

Kitovu cha mateso hayo kilikuwa Équateur na maeneo mengine ya msitu mkubwa. Ukingo wa ziwa Kivu wakati ule ulikuwa mpaka wenye ugomvi kati ya watu wa Leopold na Wajerumani, ugomvi uliomalizwa kwa mkataba mwaka 1910 tu. Hata hivyo kila mwenye kununua pine leo, Kadutu au London, anatumia chombo ambacho soko lake la kwanza lilijengwa juu ya migongo ya watu wa nchi hii. Vitabu vingi vya historia ya baiskeli vinamsifu Dunlop ukurasa mzima na kuipa Kongo mstari mmoja. Hilo si haki.

Pine peke yake haibebi mzigo. Inayobeba ni janti na reyo, yaani zile waya zinazounganisha janti na kitovu. Hadithi yake ni ya mafundi, na ndiyo inayomsaidia zaidi mtu mwenye mfuko mdogo.

Gurudumu la mkokoteni wa zamani husimama juu ya miti yake. Mti wa chini unabeba uzito kama nguzo ya nyumba, ndiyo sababu ulipaswa kuwa mnene, na gurudumu lote likawa zito. Mwaka 1808 Mwingereza George Cayley, aliyekuwa akiota chombo cha kuruka angani, alichora gurudumu la namna nyingine, lenye nyuzi zilizokazwa badala ya miti. Mwaka 1869 Eugène Meyer wa Paris aliandikisha gurudumu la baiskeli la reyo za waya. Mwaka uliofuata James Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli ya namna hiyo, na mwaka 1874 akaandikisha mpango wa kuzipitisha reyo kwa upande, zikipishana, badala ya kuzinyoosha moja kwa moja toka kitovuni. Mpango huo ndio unaoonekana kwenye baiskeli karibu zote za leo.

Siri iko wapi? Waya mwembamba ukiusukuma unapinda. Hauwezi kuwa nguzo. Lakini ukiuvuta, una nguvu ya kushangaza. Reyo zote za gurudumu hukazwa toka mwanzo, kila moja ikivuta janti kuelekea katikati, na mvutano wa upande mmoja unashikwa na mvutano wa upande wa pili. Mzigo ukija, reyo zilizo chini wakati huo zinapunguza mvutano wao kidogo, nyingine karibu hazibadiliki, na janti inabaki duara. Mhandisi Jobst Brandt aliyaeleza hayo kwa vipimo katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu gurudumu la baiskeli, lakini mafundi wengi wasiokisoma walikuwa wakiyajua kwa vidole.

Wengi hufikiri reyo hukatika kwa sababu imekazwa sana. Mara nyingi ni kinyume. Reyo iliyolegea hukazika na kulegea tena kila gurudumu linapozunguka, maelfu ya mara kwa siku, mpaka inachoka pale ilipopindwa kuingia kitovuni. Ni kama mtu anayekunja waya huku na huku kwa mkono mpaka ukatike. Gurudumu jipya la bei ya chini, lililofungwa haraka na mashine bila kukazwa vizuri, linaweza kumaliza reyo zake kwa miezi michache, huku gurudumu la zamani lililokazwa na fundi mzuri linaendelea kubeba.

Baiskeli zilizofika Kongo wakati wa Wabelgiji, mji ukiitwa bado Costermansville, Ibanda ikiwa ya Wazungu na Kadutu ya Waafrika, zilikuwa za chuma tupu. Kielelezo kikubwa cha aina hiyo ni Raleigh ya Nottingham: fremu ndefu, magurudumu ya inchi 28, janti za chuma. Waingereza walikuwa na desturi moja yenye akili: reyo 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko uzito unakokaa. Baadaye zikaja Phoenix kutoka Shanghai na Hero kutoka India, zilizofuata mtindo huohuo. Kwenye bonde la Ruzizi, toka Kamanyola kuelekea Uvira, ambako ardhi ni tambarare, baiskeli hizo zilipata nyumba yao. Zina uzito, lakini hazina gia. Hiyo ni faida ambayo wengi hawaioni: gurudumu la nyuma lisilo na mpororo wa meno mengi lina reyo zenye mteremko ulio karibu sawa pande zote mbili, kwa hiyo zinagawana kazi. Penye gia nyingi, upande wa mnyororo hukazwa sana na ule mwingine hubaki na mvutano mdogo.

Udhaifu wa janti ya chuma unaonekana mvua inaponyesha. Chuma kilichong'arishwa kikilowa, mpira wa freni unateleza juu yake. Uvira hilo ni usumbufu. Kadutu, kwenye mteremko wenye watoto, wachuuzi na pikipiki, linaweza kuua.

Kaskazini mwa ziwa watu walitoa jibu lao wenyewe. Chukudu ya Goma haina reyo hata moja. Gurudumu lake ni kipande cha mbao ngumu kilichochongwa duara na kuvalishwa ukanda wa pine kuukuu, na sehemu kubwa inachongwa na kutengenezwa palepale bila kusubiri meli. Chombo hicho hubeba mamia ya kilo za viazi, kabichi na makala kutoka Kibumba kushuka mpaka mjini. Mwaka 2009 kilijengewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya Goma. Nguvu kinayo na bei kinayo. Wepesi hakina, na hakikuuhitaji: mzigo unashuka na mlima, na chombo kinapanda kikiwa kitupu. Mwaka 2022, vita vilipowasukuma watu wa Rutshuru na Nyiragongo kuelekea Kanyaruchinya, chukudu zilibeba magodoro na watoto.

Wepesi ulitafutwa kwingine, na watu waliokuwa wanacheza. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin huko California walikuwa wakipanda baiskeli kuukuu za chuma kwenye mlima Tamalpais na kuziachia zishuke. Toka mwaka 1976 walishindana kwenye njia waliyoiita Repack, kwa sababu mtu akifika chini grisi ya freni ya kitovuni ilikuwa imeungua na ilibidi kujaza nyingine. Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walitoka katika kundi hilo. Baiskeli zao za kwanza zilikuwa nzito mno kupanda kilima. Kilichobadilisha mambo mwishoni mwa miaka hiyo ni janti za aluminiamu za inchi 26. Janti ya chuma ya ukubwa huo inaweza kukaribia kilo moja. Ya aluminiamu ni karibu nusu kilo, na freni inashika hata penye maji.

Aluminiamu yenyewe haikuwa mpya. Mwaka 1934 Antonin Magne alishinda Tour de France akiwa na janti za aluminiamu za Mavic zilizopakwa rangi ya mbao, kwa kuwa sheria haikuziruhusu. Kilichokosekana kwa watu wa milimani ni kipimo chao. Katikati ya miaka ya 1980 mmoja wao, Keith Bontrager, alitafuta janti nyepesi iliyo imara zaidi ya zile zilizokuwa sokoni, akaikosa. Akachukua janti nzuri za Mavic za baiskeli za barabarani, ambazo ni kubwa zaidi, akazikata, akazikunja upya kwenye kipimo cha inchi 26 na kuziunga. Fundi yeyote wa Kadutu anaielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Bontrager huyohuyo ndiye anayetajwa kuwa alisema kwamba katika nguvu, wepesi na bei ndogo, mnunuzi achague viwili tu.

Kwa gurudumu jipya la dukani neno hilo lina ukweli. Kwa lililotumika, mambo yalibadilika kwa sababu ya mitindo ya wenye pesa. Tarehe 12 Agosti 2012, kwenye Michezo ya Olimpiki ya London, mbio za wanaume za baiskeli za milima zilishindwa na Jaroslav Kulhavý wa Czech juu ya magurudumu ya inchi 29. Wa pili, Nino Schurter wa Uswisi, alikuwa na 27.5. Katika mbio hizohizo alikuwamo Adrien Niyonshuti wa nchi jirani ya Rwanda, aliyeokoka mauaji ya 1994 akiwa mtoto. Alimaliza wa 39, na kumaliza tu kwenye njia ile ya mawe kulihesabiwa heshima. Inchi 26, kipimo kilichotawala kwa zaidi ya miaka 30, kilikuwa kinaaga. Viwanda viligeukia vipimo vipya, na huko Ulaya magurudumu mazuri ya 26 yakapoteza thamani mbele ya wanunuzi. Kilichotupwa na mwanamichezo wa Ubelgiji kinaweza kuwa kimejengwa vizuri kuliko kipya cha bei hiyohiyo.

Mbele ya rundo kama hilo, mnunuzi aanze na janti, si na jina lililoandikwa kitovuni. Janti ya aluminiamu yenye kuta mbili, yaani yenye uwazi kama bomba ndani yake, inashinda ya ukuta mmoja kwa mbali, na tofauti inaonekana ukichungulia kwenye tundu la valvu. Kisha apitishe ukingo wa rula au wa kisu penye ukuta wa freni. Ukuta ukiwa umeliwa na kuwa kama bakuli, janti hiyo imekwisha, hata kama inang'aa: siku moja shinikizo la hewa litaupasua. Matope ya Bukavu yenye mchanga hula ukuta huo haraka. Janti zilizotengenezwa kwa ajili ya freni za diski hazina ukuta huo kabisa, na hazifai kwa baiskeli yenye freni za mpira.

Reyo 36 ni hesabu nzuri kwa anayebeba mzigo; 32 zinatosha kwa anayejibeba mwenyewe. Zile chache, 24 au 20, zenye sura ya kupendeza, ziachwe kwa wenye gari la kufuata nyuma. Reyo isiyoshika kutu yenye unene wa milimita 2 ni ya kuaminiwa. Zipo pia zilizopunguzwa katikati mpaka milimita 1.8. Ni nyepesi, na kwa ajabu hudumu zaidi, kwa kuwa katikati panavutika kidogo na kupunguzia kazi pale penye pindo.

Penye wengi kupoteza pesa ni akisi ya nyuma. Katika vitovu vya zamani vya kufungia meno kwa nyuzi, gololi za kulia ziko mbali na fremu, na akisi inabaki ndefu bila kushikwa. Ukipakia gunia, inapinda. Mwaka 1978 Shimano ilileta kitovu kinachosogeza gololi hizo nje, karibu na fremu, na ugonjwa huo ukapungua sana. Vitovu vingi vizuri vya milimani vilivyofuata vina upana wa milimita 135. Fremu za chuma za zamani ni nyembamba kuliko hapo, lakini fundi anaweza kuzifungua taratibu. Fremu ya aluminiamu haifunguliwi, itapasuka. Vitovu vya miaka ya karibuni vyenye akisi nene ya kupenyeza haviingii kwenye baiskeli hizo hata kwa nyundo.

Na neno "26" lisimdanganye mtu. Pine ya inchi 26 ya milimani hukaa kwenye kipimo cha milimita 559. Kuna 26 nyingine ya Kiingereza ya milimita 590, na Wafaransa walikuwa na yao ya 584. Namba hiyo imeandikwa ubavuni mwa pine, na ndiyo ya kusoma kabla ya kulipa.

Kuhusu wepesi, ukweli usiopendwa na wauzaji ni huu: kwa anayepakia kilo 60 nyuma, gramu 300 za janti hazibadili chochote kwenye mpando. Kwake aluminiamu ina maana kwa sababu ya freni. Anayehisi gramu hizo ni mwanafunzi, mwuguzi au mchuuzi mdogo anayeiweka baiskeli begani kwenye ngazi asubuhi na jioni. Watu hao wawili hawapaswi kununua gurudumu moja.

Oktoba 1996, Juni 2004 na Februari 2025, vita vilipoingia Bukavu, familia ziliondoka na kile walichoweza kusukuma. Wengine walielekea Walungu, wengine walivuka Ruzizi. Baiskeli iliyopakiwa haipandwi. Inasukumwa, na mzigo uliofungwa upande mmoja unalivuta gurudumu kwa ubavu, na ubavuni ndiko gurudumu la reyo lina udhaifu wake mkubwa. Janti ikikunjika sura ya sahani iliyopinda, mzigo unabaki njiani. Kwa walio safarini, au wanaorudi, mzigo uwekwe chini na katikati, uzito wa kushoto ulingane na wa kulia, na pine iwe pana, inchi 2 ikipatikana, ijazwe hewa vizuri.

Reyo moja ikikatika njiani, safari haijaisha. Kipande kilichokatika kinazungushwa kwenye reyo ya jirani kisigonge fremu, kisha reyo mbili za kando yake zinalegezwa kidogo mpaka janti iache kuyumba kwenye freni. Baada ya wiki ya kwanza ya gurudumu lililofungwa upya, reyo zibanwe mbilimbili kwa mkono, kuzunguka gurudumu zima. Inayolegea itajulikana hapohapo. Ufunguo wa kuikaza ni kipande cha chuma kisichozidi kidole kimoja, na unakaa mfukoni pamoja na reyo mbili za akiba zilizofungwa ubavuni mwa fremu.